Kina cha Udhahiri: Fokasi ya Mkono na Swali la Anayeamua Kinachoonekana Pichani

Ikisiri

Makala haya yanafafanua dhana ya kina cha udhahiri katika upigaji picha, yaani ile nafasi iliyo mbele na nyuma ya kitu kilicholengwa ambamo vitu huonekana dhahiri pichani. Yanaeleza mambo matatu yanayokipanua au kukifinya kina hicho, kisha yanaonyesha namna mpiga picha anavyoweza kukitawala kwa kuizungusha pete ya lenzi kwa mkono wake. Hoja kuu ya makala ni kwamba udhahiri wa picha hautokei wenyewe, bali huamuliwa. Pale mpiga picha asipoamua, kamera humwamulia, na uamuzi huo huweza kumfuta mtu ambaye alistahili kuonekana. Mwishoni makala yanagusia funzo ambalo msomaji wa fasihi anaweza kulipata kutokana na mjadala huu.

1.0 Utangulizi

Siku ya mahafali, viwanja vya vyuo vikuu nchini Kenya hujaa wapiga picha. Tuchukue mfano wa familia moja inayojipanga chini ya mti jioni, mwanga ukiwa umeanza kupungua. Mhitimu anasimama mbele akiwa na joho na kofia yake. Nyuma yake kidogo wamesimama wazazi. Nyuma zaidi, akiegemea mkongojo, yuko nyanya aliyesafiri usiku kucha ili aishuhudie siku hiyo. Mpiga picha anachungulia, anabonyeza, na kazi imekwisha.

Picha inaposafishwa na kuletwa nyumbani, uso wa mhitimu unapendeza na hata nyuzi za joho lake zinahesabika. Nyuso za wazazi zimeingia ukungu. Nyanya amekuwa kivuli chenye leso. Hakuna aliyetikisika, kamera haikuwa mbovu, wala lenzi haikuwa chafu. Picha haiwezi kurudiwa kwa kuwa siku yenyewe haiwezi kurudiwa. Je, kosa lilikuwa wapi?

Jibu la swali hilo ndilo somo la makala haya. Ni somo la fizikia kwa upande mmoja na la uamuzi kwa upande wa pili. Hali kadhalika, ni somo la lugha, maadamu mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kujiuliza iwapo lugha yake inaweza kulieleza jambo hili kwa ukamilifu pasi na kukimbilia lugha nyingine kila anapofika penye ugumu.

2.0 Kuhusu istilahi

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa kabla ya kuendelea. Ya kwanza ni fokasi. Neno hili limetoholewa, na asili yake ya mbali ni Kilatini, ambamo lilikuwa na maana ya meko. Mwanahisabati Johannes Kepler ndiye aliyelipa maana ya kitaalamu mwaka wa 1604 katika kitabu chake kuhusu tabia za mwanga. Mtu aliyewahi kukusanya miale ya jua kwa kioo cha kukuzia hadi karatasi ikawaka moto hatashangazwa na taswira hiyo. Mahali miale inapokutana ndipo penye joto, kama ilivyo jikoni. Kwa hivyo, kufokasi ni kuilazimisha miale inayotoka mahali fulani ikutane juu ya filamu au juu ya kihisi cha kamera ya dijitali.

Istilahi ya pili ni ile inayotaja nafasi yenye udhahiri. Anayetafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza hupata kina cha uwanja, na msomaji huenda akadhani kwamba kinachozungumziwa ni uwanja wa kandanda. Kina cha uwazi nacho kina utata, kwani lenzi yenyewe ina tundu ambalo huwa wazi zaidi au kidogo, na uwazi huo una athari iliyo kinyume kabisa, kama itakavyoonekana. Kina cha ung'avu humfanya mtu afikirie wingi wa mwanga. Makala haya yanatumia kina cha udhahiri. Neno dhahiri halina utata, na kina hapa ni kile cha kisima, si kile cha mwisho wa mshororo ambacho mwanafunzi wa ushairi amekizoea.

3.0 Lenzi hulenga umbali mmoja tu

Jambo la msingi ambalo wengi hawalijui ni hili: lenzi, hata iwe ya bei gani, haiwezi kulenga umbali miwili kwa wakati mmoja. Iwapo imelengwa mita 3, basi ni vitu vilivyo mita 3 pekee ambavyo huonekana kwa usahihi kamili. Vingine vyote vina kasoro.

Chukua nukta moja ya mwanga inayotoka usoni pa mtu aliye umbali huo wa mita 3. Miale yake huingia katika lenzi ikiwa imetawanyika, nayo lenzi huikusanya tena hadi ikawa nukta juu ya kihisi. Nukta iliyo mita 4 pia hukusanywa, lakini miale yake hukutana kabla ya kukifikia kihisi. Ifikapo hapo huwa imekwisha kupishana na kuanza kutawanyika upya. Nukta iliyo mita 2 hukumbwa na kinyume cha hayo, kwani miale yake hukifikia kihisi kabla ya kukutana. Katika hali zote mbili, kinachochorwa si nukta bali ni duara dogo. Makala haya yanaliita duara la ukungu. Picha yenye ukungu ni picha ambayo nukta zake zimegeuka kuwa maduara yanayolaliana.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini picha nyingi huonyesha vitu vya umbali mbalimbali bila ya ukungu? Sababu ni kwamba jicho la binadamu lina mipaka yake. Mtu anapoishika picha kwa umbali wa kusomea kitabu, duara lenye upana wa takriban robo ya milimita au chini ya hapo humwonekania kama nukta. Filamu ya kawaida ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Ikikuzwa mara 8 ili itoe picha ya karatasi, duara la milimita 0.03 juu ya filamu huwa la milimita 0.24 juu ya karatasi. Ndiyo maana watengenezaji wa lenzi za kamera hizo wamekuwa wakichukua takriban milimita 0.03 kuwa kipimo cha mwisho cha duara linalovumilika.

Kwa hiyo, kina cha udhahiri ni ile nafasi ya mbele na nyuma ya umbali uliolengwa ambamo maduara ya ukungu bado ni madogo kiasi cha kutotambulika. Maana hii ina jambo la kutiliwa maanani. Kina hicho hakimo ndani ya lenzi peke yake, bali ni mapatano baina ya lenzi, ukubwa wa picha na jicho la mtazamaji. Picha ileile ikikuzwa ikatandazwa ukutani na mtu akaisogelea, kina chake hupungua, na nyuso zilizoonekana dhahiri katika albamu huanza kuonyesha ukungu.

4.0 Mambo matatu yanayobadilisha kina

Takwimu zinazofuata zimekokotolewa kwa kamera ya filamu ya milimita 24 kwa 36, au ya dijitali yenye kihisi cha ukubwa huo, na duara la milimita 0.03.

4.1 Tundu la lenzi

Ndani ya lenzi mna tundu linaloweza kupanuliwa na kufinywa. Ukubwa wake huandikwa kwa namba kama vile f/2, f/4, f/5.6, f/8, f/11 na f/16. Wanaoanza hutatizwa na jambo moja: namba inapokuwa kubwa, tundu huwa dogo. Tatizo hilo hutoweka mara mwanafunzi anapotambua kwamba hii ni sehemu. Herufi f ni urefu wa fokasi wa lenzi, na f/2 ni nusu ya urefu huo. Lenzi ya milimita 50 ikiwa kwenye f/2 ina tundu la upana wa milimita 25. Ikiwa kwenye f/16 upana huo ni milimita 3 na kidogo.

Tundu linapofinywa, miale hupita ikiwa imebanwa katika pia nyembamba. Hata ikikutana mbele au nyuma ya kihisi, haipati nafasi ya kutawanyika sana, hivyo duara la ukungu huwa dogo. Mtu asiyeona mbali hulifanya jambo hilohilo pasipo kufundishwa anapofinya kope zake ili asome ubao. Lenzi ya milimita 50 iliyolengwa mita 3 hutoa matokeo haya:

f/2: udhahiri huanzia mita 2.80 hadi mita 3.23
f/4: mita 2.63 hadi mita 3.49
f/5.6: mita 2.50 hadi mita 3.74
f/8: mita 2.34 hadi mita 4.19
f/16: mita 1.92 hadi mita 6.92

Kina cha sentimita 43 kimekuwa kina cha mita 5, ilhali mpiga picha hajasogea hata hatua moja.

4.2 Urefu wa fokasi wa lenzi

Lenzi fupi, ambayo huona eneo pana, huwa na kina kikubwa, na lenzi ndefu inayovuta vitu karibu huwa na kina kidogo. Kwa f/8 na mita 3 zilezile, lenzi ya milimita 28 hutoa udhahiri kuanzia mita 1.57 hadi zaidi ya mita 33. Lenzi ya milimita 135 hutoa kina cha sentimita 23 pekee. Hata hivyo, tahadhari inahitajika hapa. Mpiga picha mwenye lenzi fupi akimsogelea mtu hadi uso wake ujae pichani kama ulivyojaa katika lenzi ndefu, kina cha lenzi hizo mbili hukaribia kulingana. Faida ya lenzi fupi hudumu pale tu asipousogelea uso.

4.3 Umbali

Kadiri kitu kinavyokaribia, ndivyo kina kinavyopungua. Lenzi ya milimita 50 kwenye f/2 iliyolengwa mita 1 ina kina cha takriban sentimita 4.6. Jicho la mtu linaweza kuwa dhahiri na sikio lake likawa ndani ya ukungu.

Wapiga picha wengi hufundishwa kwamba theluthi moja ya kina huwa mbele ya kitu kilicholengwa na theluthi mbili huwa nyuma. Kanuni hii si ya kutegemewa kila mahali. Kwa f/8 na mita 3 inakaribia kuwa kweli, kwani mbele pana sentimita 66 na nyuma sentimita 119. Kwa umbali mdogo pande hizo mbili hukaribia kulingana, na kwa umbali mkubwa upande wa nyuma huweza kwenda hadi upeo wa macho.

5.0 Fokasi ya mkono

Lenzi nyingi za zamani, na baadhi ya zile za leo, zina pete inayozungushwa kwa vidole. Juu ya pete hiyo pameandikwa umbali kwa mita na kwa futi, kuanzia umbali wa karibu kabisa hadi alama ya nane iliyolala ambayo huashiria umbali usio na kikomo. Kando ya pete pana mistari iliyooanishwa pande mbili za alama ya katikati, kila jozi ikiwa na namba ya tundu. Mistari hiyo ndiyo mizani ya kina cha udhahiri. Kwa mfano, tundu likiwa kwenye f/8, mpiga picha hutazama umbali ulioandikwa mkabala na mistari miwili yenye namba 8. Umbali mmoja ni mwanzo wa udhahiri na wa pili ni mwisho wake. Anakisoma kina kabla hajachungulia.

Kusoma huko kuna faida kubwa kwa sababu dirisha la kuchungulia huweza kumpotosha. Katika kamera nyingi za kioo, tundu hubaki wazi kabisa hadi wakati wa kubonyeza ili mpiga picha apate mwanga wa kutosha kuonea. Anachokiona ni kina cha tundu pana ingawa picha itapigwa kwa tundu dogo. Kamera nyingine zina kitufe cha kulifinya tundu kwa muda ili kina halisi kionekane, japo picha hugeuka giza machoni pake.

Turejee sasa kwenye familia iliyo chini ya mti. Tuseme mhitimu yuko mita 3 kutoka kwa kamera, wazazi wako mita 3.6, na nyanya yuko mita 4. Mpiga picha ana lenzi ya milimita 50. Kwa vile mwanga ni hafifu, alifungua tundu hadi f/2 akalenga uso wa mhitimu. Udhahiri uliishia mita 3.23. Wazazi walikuwa nje ya kina, sembuse nyanya.

Mtu angemshauri afinye tundu, na takwimu zilizotangulia zinaonyesha ugumu wa ushauri huo. Akiendelea kumlenga mhitimu, f/4 humfikisha mita 3.49 na f/5.6 humfikisha mita 3.74. Ni hadi afike f/8 ndipo udhahiri unapompata nyanya. Lakini kila hatua moja ya kufinya hupunguza mwanga kwa nusu. Kutoka f/2 hadi f/8 ni hatua nne, yaani mwanga unaobaki ni sehemu moja ya kumi na sita. Chini ya mti, jioni, hilo huenda lisiwezekane.

Ipo njia nyingine. Badala ya kumlenga mhitimu, mpiga picha anaizungusha pete hadi mita 3.4, mahali ambapo hapana mtu yeyote. Kwa f/4, udhahiri sasa unaanzia mita 2.93 na kuishia mita 4.05. Mhitimu yumo, wazazi wamo, na nyanya yumo. Kwa kuihamisha fokasi sentimita 40 tu, f/4 imefanya kazi ambayo awali ilihitaji f/8, na mwanga unaoingia ni mara nne ya ule wa f/8. Aliyenyimwa nafasi ameipata bila ya yeyote kupokonywa yake.

Umbali huo wa katikati hauhitaji kubahatishwa. Zidisha umbali wa aliye karibu kwa umbali wa aliye mbali, zidisha tena kwa 2, kisha gawanya kwa jumla ya vipimo hivyo viwili. Kwa mita 3 na mita 4, jibu ni mita 3.4 na kidogo. Ikiwa aliye karibu yuko mita 2 na aliye mbali yuko mita 6, jibu ni mita 3, wala si mita 4 ambazo mtu angezikisia.

Kanuni hiyo ikipelekwa mbali zaidi, huzaa kile kinachoweza kuitwa umbali wa upeo. Huu ni umbali ambao lenzi ikilengwa hapo, udhahiri huanzia nusu ya umbali huo na kuendelea hadi upeo wa macho. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye f/8, umbali wa upeo ni takriban mita 10.5. Kila kitu kuanzia mita 5.2 hadi milimani huonekana dhahiri. Kwa lenzi ya milimita 28 ni takriban mita 3.3 pekee. Mpiga picha wa barabarani mwenye lenzi ya namna hii anaweza kuitega pete mara moja asubuhi na asiiguse tena hadi jioni, akawa tayari kwa tukio lolote la ghafla kuanzia mita 1.7 kwenda mbele. Hapo fokasi ya mkono, ambayo watu huidhania kuwa ya polepole, huwa na kasi kuliko mashine yoyote kwa kuwa kazi yake imekwisha kufanywa.

6.0 Gharama ya udhahiri

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa tundu dogo huonyesha kila kitu, kwa nini lisitumiwe kila mara? Kuna sababu tatu.

Kwanza ni mwanga. Tundu linapofinywa kutoka f/2 hadi f/16, mwanga hupungua mara 64. Picha iliyohitaji sehemu moja ya elfu ya sekunde sasa itahitaji takriban sehemu moja ya kumi na tano. Kwa muda huo mkono hutikisika na watoto hugeuza nyuso. Ukungu wa fokasi huondoka na ukungu wa mtikisiko huingia.

Pili ni tabia ya mwanga wenyewe. Unapopita katika tundu dogo mno, mwanga hupinda pembezoni na kutawanyika, na picha nzima hupungua udhahiri kidogo. Kupita kiasi cha kufinya ni kukipoteza kilichokuwa kinatafutwa.

Tatu ni maana. Picha ambamo kila jani, kila ukuta na kila mpita njia ni dhahiri kama uso wa mlengwa huweza kumnyima mtazamaji mahali pa kutua jicho. Ukungu una kazi yake, nayo ni kusema kwamba hiki ni muhimu na kile si muhimu. Swali ni nani aliyesema hivyo.

7.0 Nani anaamua?

Swali hilo lina historia. Julia Margaret Cameron, aliyezaliwa Calcutta mwaka wa 1815, alipewa kamera yake ya kwanza nchini Uingereza mwishoni mwa mwaka wa 1863 akiwa na umri wa miaka 48. Alipiga picha za nyuso za watu kwa karibu, akitumia vioo vikubwa vilivyopakwa dawa na vilivyohitaji mwanga wa dakika kadhaa. Kwa masharti hayo kina cha udhahiri kilikuwa kidogo sana, na picha zake zilikuwa na ukungu mwororo. Wahakiki wa upigaji picha wa wakati wake walimshutumu kwamba hajui kufokasi. Yeye alieleza baadaye kwamba alipokuwa akiizungusha lenzi na kufika mahali ambapo aliuona uzuri, alikomea hapo badala ya kuendelea hadi kwenye udhahiri uliotakiwa na wengine. Katika barua aliyomwandikia mwanasayansi John Herschel mwishoni mwa mwaka wa 1864, aliuliza ni nani mwenye haki ya kusema fokasi ipi ndiyo halali.

Miaka 68 baadaye, kundi la wapiga picha wa California nchini Marekani lilishika msimamo wa kinyume. Ansel Adams, Edward Weston, Imogen Cunningham, Willard Van Dyke na wenzao walifanya maonyesho katika jumba la makumbusho la de Young, San Francisco, Novemba 1932, wakijiita Kundi la f/64. Jina lenyewe ni namba ya tundu. Katika kamera kubwa walizozitumia, f/64 lilikuwa tundu dogo mno lililotoa kina kikubwa cha udhahiri. Walikuwa wamechoshwa na picha zilizotiwa ukungu ili zifanane na michoro ya rangi, wakataka kamera ionyeshe kwa uwazi kile ambacho kamera inaweza kuonyesha.

Cameron na Kundi la f/64 wanaweza kuonekana kuwa mahasimu, lakini wana jambo moja linalowaunganisha. Wote waliamua. Ukungu wa Cameron haukuwa ajali baada ya yeye kuuchagua, na udhahiri wa Adams haukuwa zawadi ya kiwanda.

Mambo yalibadilika pale kamera ilipoanza kujifokasi yenyewe. Konica C35 AF ya mwaka wa 1977 ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa kwa wingi, na mwaka wa 1985 kamera ya Minolta 7000 iliufikisha uwezo huo kwa watumiaji wengi wa kamera za kioo zenye lenzi za kubadilishwa. Manufaa yake hayapingiki. Mwanahabari anayemfuata mwanariadha, au mtu ambaye macho yake yamepungua nguvu, ana kila sababu ya kushukuru. Lakini mashine hulenga kitu. Kwa kawaida hailengi, kwa hiari yake, mita 3.4 mahali pasipo na mtu, kwa kuwa haijui kwamba nyanya alisafiri usiku kucha. Aghalabu huuchagua uso ulio karibu au ulio mkubwa, na mpiga picha asiyejua kina cha udhahiri huukubali uamuzi huo akidhani ni ukweli wa mambo.

Simu za mkononi zimeligeuza jambo hili kwa namna nyingine. Lenzi zake zina urefu halisi wa fokasi wa milimita chache tu, hivyo kina chake ni kikubwa kwa maumbile, na nyanya angeonekana pasi na hesabu yoyote. Hata hivyo, tangu simu ya iPhone 7 Plus ya mwaka wa 2016 ilipoeneza mtindo wa picha za nyuso zenye mandhari ya ukungu, programu za simu nyingi huukokotoa ukungu na kuupaka baada ya picha kupigwa. Programu hukisia ni nani mlengwa na ni nini mandhari. Anayesimama nyuma huweza kuhesabiwa pamoja na mti.

8.0 Funzo kwa msomaji wa fasihi

Mwaka wa 1972, mhakiki Mfaransa Gérard Genette alitumia neno lenye asili moja na fokasi ili kutenganisha maswali mawili katika usimulizi: nani anasema, na nani anaona. Ulinganisho huo una mashiko. Msimulizi anayejua yote hufanya kazi kama tundu dogo, kwani wahusika wa karibu na wa mbali huwa dhahiri kwa pamoja. Msimulizi aliyefungwa katika macho ya mhusika mmoja hufanya kazi kama tundu pana. Uso mmoja unaonekana hadi kope zake, na wengine ni sauti na vivuli.

Hivyo basi, mhakiki anapokutana na ukungu katika kazi ya fasihi anapaswa kuuliza kwanza iwapo umechaguliwa. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, wakati na mahali havishikiki kwa urahisi. Msomaji anayeiita hali hiyo kasoro kabla ya kuichunguza anarudia kosa la wale waliomshutumu Cameron. Kwa upande mwingine, mhakiki ana wajibu wa kuuliza ni nani aliyeachwa nje ya kina: mtumishi asiye na jina, mke anayetajwa mara moja, nyanya aliye nyuma ya wote. Huenda mwandishi aliamua hivyo kwa sababu maalumu. Huenda pia hakuamua, bali mazoea yalimwamulia.

Ulinganisho huu una kikomo chake. Msomaji wa riwaya anaweza kuirudia, akaujaza ukungu kwa mawazo yake. Uso uliopotea katika picha ya mahafali hauwezi kurudishwa kama ulivyokuwa.

9.0 Zoezi

Mwanafunzi anayetaka kuyathibitisha haya anaweza kuvipanga vitabu vitatu mezani, kila kimoja kikiwa sentimita 20 nyuma ya kilichotangulia, na cha kwanza kikiwa mita 1 kutoka kwa kamera yenye fokasi ya mkono. Apige picha ya kwanza akiwa amelenga kitabu cha mbele kwa tundu pana kabisa. Apige ya pili kwa tundu lilelile, akilenga umbali unaotokana na kanuni ya sehemu ya 5.0. Apige ya tatu akiwa amelifinya tundu kwa hatua nne. Alinganishe anwani za vitabu, kisha aeleze kwa Kiswahili pekee kilichobadilika na sababu yake. Sehemu hiyo ya mwisho isipuuzwe, kwani istilahi hukomaa kwa kutumiwa.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba lenzi hulenga umbali mmoja tu, na kwamba kina cha udhahiri hutegemea tundu, urefu wa fokasi na umbali, pamoja na ukubwa wa picha na jicho linaloitazama. Yameonyesha pia kwamba pete ya lenzi humpa mpiga picha uwezo ambao kwa kawaida mashine haina, yaani uwezo wa kulenga pasipo na mtu ili watu wote waonekane. Maarifa hayo hayahitaji kamera ya gharama. Yanahitaji hesabu ndogo, subira ya nusu dakika, na mpiga picha ambaye kabla ya kubonyeza huinua macho na kumtafuta aliyesimama nyuma kabisa.